"Kozi Imekataa": Ombi la Msaada Lipelekwe kwa Nani?

Siku hizi kila mwenye jambo la kufundisha anaambiwa alifundishe mtandaoni. Meneja wa hoteli Watamu anataka wafanyakazi wapya wasome usafi wa chakula kwenye simu kabla msimu wa wageni haujaanza. Mwenye shirika dogo Malindi amechoka kukodi ukumbi na kununua maji ya chupa kila akiwa na semina. Mwalimu wa Faza anataka wanafunzi waliokwama nyumbani siku za kusi kali wasipitwe na somo. Kwa hiyo kwenye makundi ya WhatsApp kumezuka kilio kipya: "Jamani, kozi yangu imekataa. Nisaidieni." Majibu humiminika. Wa kwanza anasema badilisha kivinjari. Wa pili anasema leo mtandao mbovu. Wa tatu anasema hiyo programu yako haifai, nunua nyingine. Wa nne anatuma namba ya fundi. Katika wote hao hakuna aliyeuliza kozi imekataa nini: kufunguka, kupakiwa, kutoa sauti au kuandika alama.

Hapo ndipo penye mkanganyiko. Nimewasikia wengi wakisema kwamba programu za kutungia kozi hazina msaada, kwamba ukikwama umekwama. Msaada upo, tena mwingi, na sehemu kubwa ni wa bure. Ila ombi linapelekwa kwa asiyehusika, naye kwa adabu zake anajibu alichoweza, na siku inakwisha. Ili kujua wa kuulizwa, kwanza tutenganishe vitu ambavyo mazungumzo ya kila siku yamevichanganya.

Vitu vitatu chini ya jina moja

Tukisema "kozi ya mtandaoni" tunakuwa tumefunika vitu vitatu.

Cha kwanza ni programu ya kutungia. Humu ndimo unamopanga maandishi, picha, sauti, video na maswali, na kuamua mwanafunzi akibonyeza hapa kitokee nini. Storyline na Rise ni za kampuni ya Articulate, Captivate ni ya Adobe, na iSpring hukaa ndani ya PowerPoint. Hizo ni za kulipia. Za bure zipo pia: H5P, iliyoanzia Norway mwaka 2013, na eXeLearning, iliyoanzia New Zealand kisha ikaendelezwa sana Uhispania.

Cha pili ni kifurushi. Ukimaliza kutunga unabonyeza kitufe cha kuchapisha, na programu inakutolea faili moja ya zipu. Ndani yake mna kurasa za wavuti, picha, sauti, na faili ndogo iitwayo imsmanifest.xml, ambayo ni orodha ya mzigo wote uliomo.

Cha tatu ni jukwaa, yaani pale mwanafunzi anapoingia kwa jina na neno la siri, anapofungua somo, na alama zake zinapohifadhiwa. Maarufu zaidi ni Moodle, lililoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa toleo la kwanza mwaka 2002. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vinalitumia. Jukwaa mara nyingi lina msimamizi wake, mtu aliyekaa Nairobi au ng'ambo, ambaye hata hajui kozi yako inahusu nini.

Baada ya hivyo vitatu kuna simu ya mwanafunzi, kivinjari chake na bando lake. (H5P inawachanganya watu zaidi kwa sababu inaweza kutumiwa ndani ya Moodle yenyewe, kwa hiyo unatungia na kusomea mahali pamoja. Lakini ni kitu chake, na wanaoitengeneza si wale wanaotengeneza Moodle.)

Sasa, programu ya kutungia na jukwaa hutengenezwa na watu wasiojuana. Wanaelewanaje? Chukulia mlango wa nakshi unaochongwa Lamu kwa ajili ya nyumba inayojengwa Malindi. Mchongaji hajaiona nyumba, na mwashi hajauona mlango. Kinachowaunganisha ni vipimo walivyokubaliana: urefu, upana, mahali pa bawaba. Mlango unapandishwa mashua hadi Mokowe, unawekwa kwenye lori, unafika Malindi, na ukipachikwa haufungi. Nani mkosa? Huenda mchongaji alikosea kipimo. Huenda mwashi aliacha uwazi mdogo. Huenda mbao zimepinda njiani. Ukimpigia mchongaji na kumwambia tu "mlango wako umekataa," atakuuliza maswali mpaka uchoke, au atakutumia mlango mwingine wa kipimo kilekile, nao utakataa vilevile.

Katika ulimwengu wa kozi, vipimo hivyo vinaitwa SCORM. Watu husema "ninunulie SCORM" au "SCORM imeharibika" kana kwamba ni programu. Si programu, wala si kampuni. Ni makubaliano ya kiufundi yaliyotayarishwa chini ya mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uitwao ADL, kwa lengo kwamba somo lililotungwa kwa programu yoyote lisomeke kwenye jukwaa lolote. Toleo linalotumika sana mpaka leo ni SCORM 1.2 la mwaka 2001. Kuna jingine liitwalo SCORM 2004, na kuna makubaliano mapya zaidi, xAPI na cmi5, ambayo anayeanza hana haja ya kuumia kichwa nayo.

Hapohapo pana chanzo kimoja cha vilio vingi. Moodle linaafikiana vizuri na SCORM 1.2, lakini halijawahi kuikubali SCORM 2004 kikamilifu. Mtungaji akiona orodha ya matoleo kwenye programu yake huchagua 2004, akidhani jipya ndilo bora, kisha anashangaa alama zikipotea. Programu haikukosea, na Moodle halikukosea. Vipimo ndivyo havikulingana.

"Nimesoma mpaka mwisho, inasema sijamaliza"

Tuseme shirika fulani Lamu linatunga kozi ya usalama majini kwa manahodha wa mashua za abiria kati ya Mokowe na Amu: majaketi ya kuokolea, idadi ya abiria, la kufanya injini ikizimika mkondoni. Slaidi 30, maswali 10 mwishoni. Nahodha anasoma yote, anapata 9 kwa 10, anafurahi. Ofisini, jukwaa linaonyesha hajamaliza. Anaambiwa arudie. Anarudia. Bado.

Ni lalamiko la kawaida kabisa katika kazi hii, na tutakaa nalo kidogo kwa sababu ukilielewa umeelewa nusu ya mengine.

Ndani ya programu ya kutungia kuna mpangilio unaosema: mwanafunzi ahesabiwe amemaliza lini? Akipitia slaidi kadhaa? Akifaulu maswali? Na aripotiwe kwa neno gani, "amemaliza" au "amefaulu"? Kwenye jukwaa nako kuna mpangilio wake: somo hili lihesabiwe limekamilika nikipokea neno gani? Katika SCORM 1.2 kuna nafasi moja tu ya kuandika hali ya mwanafunzi, kwa hiyo kifurushi kikipeleka "amefaulu", neno "amemaliza" halina mahali pa kukaa. Ikiwa msimamizi wa jukwaa ameweka alama ya tiki kwenye "amemaliza" peke yake, nahodha atasoma hadi Idi ijayo bila kukamilisha. Dawa ni kuzioanisha pande mbili, na ni kazi ya dakika chache. Lakini kampuni iliyotengeneza programu haiwezi kuona mpangilio wa jukwaa lako, na msimamizi wa jukwaa haoni ndani ya programu yako. Anayeweza kuona pande zote ni wewe, na ndiyo maana maelezo yako ndiyo yenye thamani kuliko ujuzi wa yeyote kati yao.

Sababu ya pili ya dalili hiyohiyo ni namna nahodha alivyotoka. Aghalabu taarifa za mwisho hupelekwa kwenye jukwaa wakati somo linafungwa. Akilifunga kwa kitufe cha kutokea, salama. Akisukuma dirisha pembeni kwa kidole kama tunavyofunga kila kitu kwenye simu, au mtandao ukikatika wakati uleule, taarifa huweza kupotea. Slaidi ya mwisho yenye maneno makubwa "BONYEZA HAPA KUTOKA" imewaokoa watu wengi kuliko fundi yeyote.

Kuna na dalili nyingine inayofanana lakini sababu yake ni tofauti kabisa. Mwanafunzi wa kozi ndefu anasoma leo, anaacha, kesho anarudi na kukuta ameanzishwa upya. Slaidi za mwanzo hazikuwa na tatizo hilo. Lilianza alipofika mbali. Hapa mkosa ni SCORM 1.2 yenyewe. Nafasi iliyotengwa ya kukumbuka mwanafunzi alipofikia ni herufi 4,096 tu. Kozi yenye slaidi nyingi, maswali mengi na vitufe vingi huijaza, na kinachozidi hakihifadhiki. Kozi igawanywe vipande viwili au vitatu. Wengine hukimbilia kubadilisha programu kwa sababu ya tatizo hili, wanalipa upya, na wanakutana na ukuta uleule, kwa kuwa ukuta haukuwa wa programu.

Mengine niyapitie haraka. Kifurushi kikikataa kupakiwa, kwanza angalia ukubwa: seva nyingi zinawekewa kikomo, na PHP, lugha ambayo Moodle limeandikwa kwayo, huja na kikomo cha megabaiti 2 ikiwa hakuna aliyekigusa. Kikiwa kidogo na bado kinakataliwa, huenda mtu aliifungua zipu kisha akaifunga tena, na ile imsmanifest.xml ikaishia ndani ya folda badala ya kukaa juu kabisa. Jukwaa linaitafuta juu, halishuki ndani ya folda. Kivinjari cha Safari kwenye Mac hufungua zipu chenyewe mara inapopakuliwa, kwa hiyo kosa hili huwapata hata wasiogusa kitu. Sauti ya slaidi ya kwanza ikiwa kimya ilhali nyingine zinasikika, jua kwamba tangu 2018 Chrome huzuia sauti kuanza yenyewe kabla mtu hajabonyeza chochote, na vivinjari vingine vina tabia hiyo pia. Weka kitufe cha "Anza" mwanzoni. Na ukifungua kifurushi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta bila kukipandisha kokote, usihukumu kwa unachokiona, maana vivinjari huzuia baadhi ya mambo kwenye faili za aina hiyo kwa sababu za usalama.

Jaribio linaloamua mlango wa kubisha

Kabla hujamuuliza mtu, fanya mabadilishano mawili. Chukua kifurushi kingine ambacho unajua kinafanya kazi, ukipandishe kwenye jukwaa lako. Kisha chukua kifurushi chako ukipandishe kwenye jukwaa lingine. Kuna mahali pa kujaribia panapoitwa SCORM Cloud, pa kampuni ya Rustici Software, ambapo akaunti ndogo ya majaribio haina malipo.

Kifurushi chako kikifanya kazi kule na kukataa kwako, ongea na msimamizi wa jukwaa. Kikikataa kote, rudi kwenye programu ya kutungia na watengenezaji wake. Kikikubali kote lakini mwanafunzi mmoja tu wa Kizingitini analalamika, tatizo lipo kwenye simu yake au mtandao wake, na mwambie ajaribu kivinjari kingine. Jaribio hili linapunguza malumbano, na ukilitaja kwenye ombi lako, anayelisoma anajua mara moja kwamba hazungumzi na mtu wa kubahatisha.

Faili mama

Hili sikutaka kuliweka mbali, kwa sababu bila hilo hakuna msaada wowote unaowezekana.

Unapotunga, programu inahifadhi faili yake ya kazi. Kwa Storyline inaishia na .story. Kwa iSpring ni ile PowerPoint yenyewe. Hiyo niiite faili mama. Zipu inayotoka ukichapisha ni zao lake, na zao hilo haligeuzwi tena kuwa faili mama kwa njia ya kawaida. Asiyekuwa na faili mama hawezi kurekebisha hata herufi moja ya kozi yake. Itabidi itungwe upya. (H5P ni tofauti kidogo: faili yake ya .h5p unaweza kuifungua tena na kuihariri. Kwa mashirika yetu madogo ambako aliyetunga kozi anaweza kuhama kesho, hiyo peke yake ni sababu nzito ya kuifikiria.)

Wangapi wamemlipa mtu atunge kozi, wakapokea zipu, wakashukuru, na baada ya mwaka namba za simu zilizomo zimebadilika na hakuna wa kuzirekebisha? Mkataba, hata kama ni wa mdomo, useme wazi: faili mama inakabidhiwa.

Na namna ya kuitunza nayo ina mambo yake. Watu wetu wanapenda kufanyia kazi moja kwa moja kwenye flashi, leo ofisini, kesho saiba. Articulate wenyewe wanashauri kazi ifanyiwe kwenye diski ya ndani ya kompyuta, si kwenye flashi wala diski ya mtandao, kwa kuwa faili huharibika kirahisi ikihifadhiwa hukohuko. Flashi ni ya kubebea nakala. Majina ya faili nayo yawe mafupi, yasiyo na alama za ajabu, na folda zisizame moja ndani ya nyingine mara saba. Ushauri huu unaonekana wa kitoto mpaka siku unapokuta faili ya miezi mitatu haifunguki.

Tena, faili iliyohifadhiwa kwa toleo jipya la Storyline haifunguki kwenye toleo la zamani. Ukimtumia msaidizi faili, mtajie toleo lako. Na akikurudishia, muulize yeye ameihifadhi kwa toleo gani.

Wanaopaswa kuulizwa

Watengenezaji wa programu za kulipia wana kitengo cha msaada. Unajaza fomu, unaambatisha faili mama, wanaifungua na kuiangalia. Malipo ya leseni, ambayo kwa Articulate ni zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, yanajumuisha huduma hiyo, lakini wanaolipa wengi hawaitumii. Wanaogopa Kiingereza chao. Naomba niliseme waziwazi: wanaosoma maombi hayo wanapokea barua kutoka dunia nzima, na sentensi fupi zenye makosa ya sarufi haziwasumbui kitu. Kinachowasumbua ni ombi lisilo na habari.

Saa nazo uzizingatie. Kampuni ikiwa upande wa mashariki mwa Marekani, wanapofungua ofisi saa tatu asubuhi yao, Lamu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Ukituma ombi lenye upungufu, watakuuliza swali usiku wako, utalijibu asubuhi wakiwa wamelala, nao watalisoma jioni yako. Swali moja lililosahaulika ni siku nzima imepotea.

Programu za bure hazina ofisi ya kukupigia simu, na hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba cha bure hakina msaada. Zina mabaraza ya watumiaji. Moodle lina mabaraza yake rasmi, H5P vilevile. Hata Articulate wana baraza kubwa ambako watumiaji hujibizana, na mara nyingi swali lako liliulizwa na mtu mwingine miaka mitano nyuma na likajibiwa. Kwa hiyo tafuta kwanza. Nakili maneno ya hitilafu yalivyo, herufi kwa herufi, uyatafute. Usiyatafsiri, wala usiandike "imeniletea kitu chekundu".

Kuna kundi ambalo haliwezi kwenda kwa mtengenezaji: wenye programu za wizi, zile za kufunguliwa na kijana wa saiba kwa shilingi mia tano. Tusijifanye hazipo. Mwenye nayo hana leseni ya kumtajia mtu wa msaada, hapati masahihisho yanayotolewa, na mara nyingi tatizo analolalamikia ndilo lililokwisha kusahihishwa. Halafu anakuja kwenye kundi anaficha, watu wanahangaika naye kutwa nzima. Mficha maradhi kilio humfichua. Kama fedha hakuna, eXeLearning na H5P ni halali na hazidai kitu, na kozi ya manahodha wa Mokowe haihitaji zaidi ya hapo.

Kisha kuna hawa wasaidizi wa akili bandia, ambao sasa ndio wanaoulizwa kwanza. Mimi siwakatai. Kueleza maana ya neno la kiufundi, au kukusaidia kuandika ombi lako kwa Kiingereza kilichonyooka, wanafaa sana. Lakini ukiwauliza "nibonyeze wapi", wana tabia ya kukutajia menyu ambayo haipo, au ilikuwepo kwenye toleo la zamani, tena kwa uhakika wa hali ya juu. Ukiitafuta menyu hiyo mara mbili na huioni, si macho yako. Acha, nenda kwa binadamu.

Ombi linalojibika

Linganisha. Ombi la kwanza, lililotumwa kama sauti ya WhatsApp ya dakika tatu, mashine ya boda ikinguruma nyuma: "Shekhe, ile kozi nimejaribu kila kitu, inakubali halafu inakataa, sijui nifanyeje, nipigie."

La pili, kwa maandishi:

"Nimetunga kozi ya slaidi 30 kwa iSpring kwenye Windows 11. Nimeichapisha kwa SCORM 1.2, nikaipandisha kwenye Moodle. Mwanafunzi akimaliza maswali kwa alama 9 kati ya 10, Moodle linaandika hajamaliza. Nilitarajia liandike amemaliza. Kwenye SCORM Cloud kifurushi hichohicho kinaandika amefaulu. Nimejaribu Chrome na Firefox, ni yaleyale. Naambatisha picha ya mpangilio wa Moodle na picha ya mpangilio wa iSpring."

Anayejua kazi akisoma la pili anajibu bila kuuliza chochote, maana jibu limo ndani ya swali: kule "amefaulu", huku linasubiriwa "amemaliza". Mara nyingi hata wewe mwenyewe utaliona ukiwa katikati ya kuandika. Vitu vyenyewe si vingi: umetumia nini na toleo gani, umefanya nini, ulitarajia nini, kimetokea nini, umeshajaribu nini. Neno "kila kitu" liachwe. Hakuna aliyewahi kujaribu kila kitu. Na picha ya skrini iwe picha ya skrini, si picha ya kompyuta iliyopigwa kwa simu kwa pembeni huku mwanga wa dirisha ukiwaka juu yake.

Ukiambatisha faili, usitume kozi nzima. Tengeneza nakala, futa slaidi zote ubaki na mbili zenye tatizo, na uhakikishe tatizo bado lipo. Likitoweka, umeshapata fununu. Nakala ndogo pia inapita kwenye mtandao wa kisiwani bila kula bando la wiki, na inakulinda kwa jambo jingine: kozi za afya huwa na picha za wagonjwa, za shule huwa na majina ya watoto, na ripoti za jukwaa zina namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamhusu hata anayetafuta msaada. Kuyamwaga majina hayo kwenye kundi la watu mia mbili ili upate jibu la slaidi moja ni kuwakosea wenyewe.

Fundi wa karibu

Kuna wakati unachotaka ni mtu aje akae nawe. Malindi na Lamu wako vijana hodari wa kompyuta, lakini hodari wa kuweka Windows si lazima awe anaijua kazi hii. Kabla hamjapatana bei, muulize amewahi kupandisha kifurushi kwenye jukwaa gani, na akuonyeshe kozi moja inayoandika alama. Mkubaliane kwamba kazi itahesabika imekwisha pale itakapofanya kazi kwenye jukwaa lako, kwa akaunti ya mwanafunzi, kwenye simu ya kawaida, si kwenye laptopu yake. Sehemu ya malipo ibaki mpaka hapo.

Usimpe neno lako la siri la usimamizi. Mwombe msimamizi wa jukwaa amfungulie akaunti yake mwenyewe yenye ruhusa za kozi hiyo tu, na ifungwe kazi ikiisha. Akihitaji kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali, kaa mbele ya skrini mpaka atoke. Hili huwaudhi baadhi ya mafundi, wanaona hawaaminiwi. Aliyezoea kazi za watu haudhiki.

Na kuna kozi ambazo hakuna wa kuzisaidia. Mashirika kadhaa bado yana masomo ya zamani kwenye sidii, yaliyotungwa kwa teknolojia ya Flash. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kichezeshi chake kikazuiwa kufungua chochote. Mtu anayekuambia atakuwekea programu ndogo ili kozi hiyo ifunguke kwenye kompyuta za wafanyakazi wote anakufungulia tundu la virusi. Tafuta faili mama kwenye kompyuta za zamani, kwa aliyeitunga, au kwa mfadhili aliyeilipia. Matoleo mapya ya baadhi ya programu yanaweza kuifungua na kuichapisha upya bila Flash. Isipopatikana, mkabidhi mtu mwenye mwandiko mzuri daftari na kompyuta ya zamani ambayo bado inaifungua, aandike maneno yote ya slaidi hadi slaidi, kisha kozi itungwe upya kutokana na daftari hilo.